Sahani Zilizooshwa Siku za Tufani

Jumamosi, 16 Novemba

Kwako dada yangu mpenzi Inshirah. Amani ya Bwana iwe nawe huko Melbourne. U hali gani? Goti limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kujivuta? Na sukari? Usinifiche kama ulivyonificha mwezi wa Pasaka. Sisi huku hatujambo, twashukuru. Mwanangu Abanoub yuko kulekule Hurghada hotelini, hapigi simu mpaka nimwote vibaya.

Ulinilaumu kwamba simu zangu hazikushibishi, nasema "wazima, wazima" kisha nakata. Basi nimenunua daftari. Nitakuandikia msimu mzima wa baridi, toka Ufagio, tufani ya kwanza katika kalenda ya wavuvi wetu wa Iskanderia, mpaka ile ya mwisho, na mwisho wa Machi nitampa Tereza wa ghorofa ya pili, maana anakuja kwa binti yake huko kwenu. Siku isiyo na jambo nitaandika mstari mmoja. Usinung'unike.

Jambo lililopo ni daktari wangu mpya. Anaitwa Daktari Lamis. Si daktari wa sindano, ni wa vitabu: amemaliza shahada zote mpaka ile ya mwisho kabisa, na bado anatafiti. Profesa Galal, mkuu wetu, amempa nafasi hadi tarehe thelathini na moja Machi. Kazi yake ikisimama, anaongezewa miaka miwili. Isiposimama, anarudi kwao Damanhur kufundisha watoto wa sekondari. Kaniambia mwenyewe siku ya kwanza, huku anavua koti: "Mama Abanoub, mimi nina msimu mmoja tu, usinivunjie kitu."

Miaka kumi na tisa niko kwenye sinki ile ya kuoshea vyombo vya maabara, sijawahi kuvunja kitu cha mtu. Nikamtundikia koti lake.

Ufagio imeingia leo adhuhuri. Upepo umenipokonya taulo mbili barazani.

Jumapili, 17 Novemba

Nimemuuliza Daktari anatafuta nini hasa. Alikuwa anakula mkate wa maharage amesimama, makombo yote juu ya meza niliyotoka kuifuta.

"Protini ni kama uzi," akasema. "Mwilini unajikunja wenyewe, kila mmoja kwa umbo lake, kama unavyokunja shuka ukatia kabatini. Sasa, mara mojamoja uzi unajikunja vibaya. Huo uliokunjika vibaya unamshika mwenzake, naye anakunjika vilevile. Wanang'ang'aniana, wanakuwa nyuzi ngumu, zinarundikana kama tope chini ya mtungi, na mwili hauwezi kuziondoa. Zikirundikana kwenye ubongo, mtu anasahau jina la mwanawe."

"Kama mama yetu," nikasema.

"Alisahau jina lako?"

"Langu alilikumbuka. La dada yangu ndilo lililompotea."

Samahani Inshirah, lakini ndivyo ilivyokuwa, na unajua.

Kazi yake ni hii. Anatia protini safi kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo tisini na sita. Anatia na rangi inayong'aa nyuzi zikianza kujitengeneza. Nusu ya vishimo anaongeza maji ya maganda ya komamanga. Kisha mashine inachungulia kila dakika tano na kuchora mstari. Mstari unalala chini muda mrefu, kama saa kumi na mbili, kisha unapanda ghafla. Yeye anataka kuona komamanga litaufanya ulale zaidi.

Nikamwambia kazi njema, Mungu amsaidie. Akasema "amina" akaondoka, mlango akaufunga kwa teke.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua. Mlango, teke.

Alhamisi, 21 Novemba

Leo nimechoka na watu wote wa jengo hili, nikianza na Ustadhi Rifaat wa stoo.

Tufani ikivuma, bandari inafungwa, meli zinabaki nje. Rifaat akisikia tu bandari imefungwa, naye anafunga stoo. Daktari amekwenda kuomba sahani mpya, nami nimesimama nyuma yake na ndoo yangu.

"Mpaka meli iingie," akasema Rifaat, bila kuinua macho toka kwenye chai.

"Boksi lile pale, Ustadhi! Nyuma ya kichwa chako!"

"Lile liko kwenye dhamana yangu. Nikikupa lile, nitabaki na nini?"

"Utabaki na nafasi ya kuweka miguu."

"Daktari mwanangu, wewe una akili ya kitabu. Mimi nina sahihi. Ikija kamati ya ukaguzi ikakuta rafu tupu, watakuuliza wewe?"

"Sahani zimetengenezwa zitumike!"

"Na stoo imetengenezwa ijae."

Daktari akarudi maabara uso mwekundu. "Mama Abanoub, nitafutie sahani," akasema. "Sitaki kujua zinatoka wapi. Nataka sahani tu."

Nikazitafuta. Zilikuwa palepale kwenye pipa la taka, nane, za plastiki nzuri ya Ujerumani, zimetumika mara moja. Mara moja, Inshirah! Sisi tuliolelewa kuokota kipande cha mkate njiani, tukakibusu na kukiweka juu ya ukuta ili kisikanyagwe, leo nitazame chombo kama kile kikienda jalalani? Nimeziosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikazisuuza kwa yale maji yao safi ya mashine mara saba, nikazianika kifudifudi juu ya kitambaa. Ziling'aa kama mpya. Nikazirudisha kwenye boksi lao, nikabandika utepe. Daktari hakusema hata asante, na mimi sikusema neno.

Jumatatu, 25 Novemba

Mfungo wetu Wakopti wa Noeli umeanza. Meli zimeingia, stoo imefunguliwa. Daktari anasema mistari ya kwanza ilipanda mapema, analaumu mashine. Nimekula maharage na nitakula maharage siku arubaini na tatu.

Jumapili, 1 Desemba

Shwari. Daktari anaimba. Heri asingeimba.

Jumatano, 4 Desemba

Tufani ya Kasim imeingia kwa wakati wake, na mawe ya mvua. Rifaat amefunga. Nimeosha sahani sita.

Alhamisi, 5 Desemba

Balaa. Mstari uliopaswa kulala saa kumi na mbili umepanda baada ya saa moja na nusu. Wenye komamanga na wasio na komamanga, wote sawa, kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Daktari amepiga meza na kumwaga kahawa. Kisha akanigeukia mimi: nilifungua dirisha? Niligusa mashine? Niliegemea meza?

"Daktari, mimi nimekuwa kwenye sinki toka asubuhi."

"Basi uliimba. Mtetemo wa sauti unaweza kuathiri."

Mimi ndiye ninayeimba! Ee Bwana, nipe subira. Nimefunga, sijatia maziwa mdomoni siku kumi, na napelekwa mbio na ngamia aliyepewa shahada.

Jumatatu, 9 Desemba

Shwari. Mistari imelala kama inavyotakiwa. Komamanga limeonekana kufanya kazi. Daktari amenipa chungwa. Sijui nalo ni la nini.

Alhamisi, 19 Desemba

Mafuriko Madogo. Barabara ya kwetu Gheit el-Enab imejaa maji mpaka kizingiti. Nimefika kazini miguu imelowa, nimeosha sahani kumi, Rifaat ananitazama tu na kikombe chake.

Jumapili, 22 Desemba

Mistari imepanda mapema tena. Daktari amelia chooni. Nilikuwa nafuta sakafu nje nikamsikia. Nikagonga, nikamwambia, "Binti yangu, toka unywe chai." Akasema kwa ndani, "Nina miezi mitatu, Mama Abanoub. Miezi mitatu, na protini ileile siku moja inanisikia, siku nyingine hainijui." Nilimhurumia kweli. Nilitaka kumkumbatia alipotoka, lakini akaufunga mlango wa choo kwa teke, hamu ikaniisha.

Alhamisi, 2 Januari

Tufani ya Kichwa cha Mwaka. Sahani sita.

Jumapili, 5 Januari

Leo Daktari amekuja na ile kalenda ya wavuvi, yenye tufani zote na tarehe zake. Ameibandika ukutani, akachora alama nyekundu kwa kila siku mistari ilipokosea. Ufagio. Kasim. Mafuriko Madogo. Kichwa cha Mwaka. Alirudi nyuma hatua tatu akashika mdomo.

"Ni tufani," akasema.

"Tufani imefanya nini?"

"Kila tufani ikipita, siku moja mpaka tatu baadaye protini inajikunja vibaya kwa haraka. Nne kwa nne! Labda mgandamizo wa hewa. Labda unyevu. Mama Abanoub, wazee wenu hawazidiwi siku za tufani?"

"Wazee wetu wanazidiwa siku zote."

"Lakini siku za tufani zaidi?"

"Siku za tufani tunakaa nao ndani, ndiyo maana tunaona."

Hakunisikia. Alikuwa ameshatoka mbio kwenda kwa Profesa.

Jumanne, 7 Januari

Noeli yetu. Nimekula nyama mpaka nimeona aibu. Nilikuombea kanisani, wewe na goti lako.

Jumapili, 12 Januari

Mafuriko Makubwa. Profesa Galal ameteremka mwenyewe maabara, jambo ambalo hajafanya tangu mwaka ule bomba lilipopasuka. Anasugua mikono. "Tufani za Iskanderia na ugonjwa wa kusahau! Lamis, hili litaandikwa magazetini." Ameita kamati kutoka Kairo tarehe kumi na mbili Machi. Kamati ikikubali, miaka miwili ya Daktari ni yake.

Daktari amesema, polepole, "Profesa, sababu bado sijaijua."

"Sababu utaitafuta ukishaajiriwa."

Nimeosha sahani kumi na mbili, maana sasa anataka kupima mara mbili kila tufani. Naona fahari kidogo, nakiri. Bila mimi na sabuni yangu angepima wapi?

Jumapili, 19 Januari

Sikukuu ya Ubatizo. Magimbi, miwa, mvua. Kanisa lilijaa. Nimelala mapema.

Jumanne, 28 Januari

Tufani ya Karam. Sahani kumi. Mistari imepanda. Daktari ameruka juu kama amefunga goli. Zamani akilia mistari ikipanda, sasa anashangilia. Mimi sielewi tena tunataka nini.

Jumatano, 12 Februari

Mwisho wa mfungo wa Yona. Shwari. Daktari amechapa bango kubwa lenye picha ya mawimbi.

Jumanne, 18 Februari

Dada, leo kaa chini kabla hujasoma.

Tufani ya Jua Dogo imeanza. Nilikuwa nasuuza sahani, Daktari nyuma yangu anakunywa chai na kuzungumza peke yake kama kawaida yake. Akasema, "Cha ajabu, mistari hii inafanana kabisa na ya mtu aliyetia mbegu."

"Mbegu ya komamanga?"

"Hapana. Mbegu ndiyo kipande cha nyuzi kuukuu. Kidogo mno, vumbi ni mlima mbele yake. Ukikitia kwenye protini mpya, haingoji tena saa kumi na mbili. Inaiga palepale. Na kinanata, hakitoki kwa maji wala sabuni. Lakini mimi sitii mbegu, na kila mara natumia sahani mpya. Kwa hiyo ni tufani."

Akatoka. Mlango, teke.

Nikabaki na mikono ndani ya maji, na ule moto wote wa maji sikuusikia.

Inshirah, unajua marehemu mume wangu alioka mkate wa sadaka miaka ishirini na miwili katika chumba kile nyuma ya kanisa. Kila siku alibakiza bonge la unga wa jana ili autie kwenye wa leo. Siku moja nilimkorogea unga mpya kwenye beseni niliyodhani nimeiosha, bila chachu, nikaenda zangu. Niliporudi umeumuka. Alicheka akasema beseni inakumbuka. Na baada ya misa, Abuna, padri wetu, hasuuzi sinia na kikombe akamwaga. Anayanywa maji yenyewe, mara tatu, kwa sababu chembe isiyoonekana bado ni ileile. Haya yote nayajua tangu nina meno ya utotoni. Na miezi mitatu nimeosha sahani za watu nikaamini macho yangu.

Nimefungua daftari hili. Ufagio nane. Kasim sita. Mafuriko Madogo kumi. Yote yako humu. Bandari inafungwa, Rifaat anafunga, mimi naosha, Daktari anatumia, mistari inapanda. Tufani haikufanya kitu ila kumtia Rifaat uchoyo.

Mbegu ni mimi.

Alhamisi, 20 Februari

Sikusema. Alikuwa na kikohozi.

Ijumaa, 21 Februari

Nimekwenda kuungama kwa Abuna Mattias. Nikamweleza yote, protini, sahani, kamati. Alisikiliza huku anakuna ndevu.

"Ulikusudia ubaya?"

"Hapana, Abuna. Nilikusudia usafi."

"Basi Mungu anajua. Yeye je, anajua?"

"Nani?"

"Huyo daktari wako, mwanangu Awatef. Nani mwingine?"

"Nikimwambia, anapoteza tufani yake na miaka yake miwili. Nisipomwambia, anaipata."

"Anaipata juu ya nini?"

Akaniambia nisirudi kwake na habari hii mpaka nimeipeleka inakotakiwa. Nimetoka nimekasirika. Mtu anakwenda kutua mzigo, anarudishiwa na kamba.

Jumatatu, 24 Februari

Kwaresima imeanza. Maharage. Sikusema.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeanza jana. Sasa yeye amefunga na mimi nimefunga, maabara nzima haina mtu mwenye damu ya kuzungumza. Rifaat naye amefunga, na stoo vilevile. Sikusema.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari amejaribu hotuba yake mbele yangu, eti nimsahihishe akiongea haraka. Alipofika kwenye neno "tufani" alisita mara tatu. Kisha akasema, "Mama Abanoub, mimi silali vizuri. Kitu hiki ni kizuri mno hata sikiamini." Nikamwambia anywe maji. Nikakumbuka amefunga. Nikaenda kujificha kwenye sinki yangu. Mwoga ni mtu wa kuchosha sana, dada, hasa akiwa ni wewe mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Tufani ya Husum imeingia, na mimi nimesema.

Nilimkuta anabandika alama nyekundu ya tufani ya leo kwenye kalenda kabla hata ya kupima. Hilo ndilo lililonishinda. Nikafunga bomba, nikajifuta mikono.

"Daktari, usibandike. Sahani zile ni kuukuu. Mimi nimeziosha."

"Zipi?"

"Za siku zote za tufani. Toka Ufagio."

Akanitazama kama nimesema kwa lugha ya Kichina. "Uliosha kwa nini?"

"Kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kisha maji safi mara saba."

"Siulizi uliosha kwa kitu gani! Nauliza sababu!"

"Rifaat alifunga stoo. Wewe ulitaka sahani."

"Na hukuniambia?"

"Ulisema hutaki kujua zinatoka wapi."

"Mimi? Mimi nilisema hivyo? Lini?"

"Tarehe ishirini na moja Novemba, siku ya Alhamisi. Nimeiandika."

Alikuwa tayari kupiga kelele, mdomo umeshafunguka. Ukabaki wazi. "Umeiandika wapi?"

"Namwandikia dada yangu. Siku kwa siku."

"Na siku ulizoosha?"

"Na idadi."

Akakaa kwenye kiti cha mashine. Nje upepo ulikuwa unatikisa vioo. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kila sahani ina namba na tarehe kwenye mashine yake; akijua siku nilizorudisha sahani kuukuu kwenye boksi, anaweza kuzitoa zilizoharibika, na zitakazobaki zitakuwa za kweli. "Tufani imekufa," akasema. "Lakini huenda komamanga likapona. Nipe daftari."

"Nitakunakilia tarehe, Daktari."

"Nakala haitoshi. Kamati itasema tumetunga. Nataka lenyewe."

"Kuna maneno humo."

"Maneno gani?"

"Yanayokuhusu."

"Mabaya?"

"Mengine ni ya njaa. Nilikuwa nimefunga."

Akanyoosha mkono. Nikampa.

Jumanne, 11 Machi

Amelirudisha leo asubuhi, kwa hiyo ya Jumapili nimeimalizia leo, na ya jana sina. Alisimama mlangoni.

"Sikujua kwamba nafunga mlango kwa teke."

"Kila siku."

"Na ngamia aliyepewa shahada?"

Nikatazama viatu vyangu. "Ilikuwa siku ya pili ya Kasim."

"Mama yangu huniita punda," akasema. "Naona nimepanda cheo." Hakucheka, ila mlango aliufunga kwa mkono.

Mchana Profesa Galal akaniita ofisini. Alinikaribisha kiti. Miaka kumi na tisa, kiti cha kwanza.

"Mama Abanoub, wewe ni mtu wa ibada, mtu wa amani. Unajua magazeti yameshaalikwa?"

"Nimesikia, Profesa."

"Kesho ni siku ya tufani, barabara mbaya. Pumzika nyumbani. Umri nao."

"Nina miaka hamsini na mitatu, Profesa."

"Ndiyo nasema."

Nikamwambia Daktari ameniita kesho saa nne na nitakuja hata kwa kuogelea. Akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa.

Jumatano, 12 Machi

Nimevaa gauni la harusi ya Abanoub, lile la bluu. Kamati watu watano, meza ndefu. Daktari Lamis alisimama bila lile bango la mawimbi. Akasema alikuja kuwaambia habari ya tufani, lakini hakuna tufani, kuna sahani zilizooshwa, na aliyeziosha yuko hapa. Hakusema "mfanyakazi amekosea." Alisema, "Sahani niliagiza mimi, na nilikataa kuuliza zilikotoka."

Kisha akanitaka nieleze ninavyoosha. Nilieleza yote, mpaka namna ya kuanika. Mzee mmoja wa kamati akaniuliza, "Maji ya moto kiasi gani?"

"Ya kumtoa mtu machozi, bwana daktari."

"Na baada ya yote hayo bado mbegu ilibaki?"

"Ilibaki."

Wakaandika. Sijawahi kuona watu wanaandika maneno yangu, Inshirah. Walioalikwa wa magazeti waliondoka kabla ya juisi ya wasiofunga kuletwa. Profesa alikuwa anatazama dari.

Zilibaki sahani thelathini na moja safi. Daktari akaonyesha mistari yake. Komamanga limechelewesha nyuzi kwa saa tatu.

Nikamuuliza njiani, "Saa tatu tu?"

"Saa tatu."

"Msimu mzima, binti yangu, kwa saa tatu?"

"Saa tatu za kweli, Mama Abanoub." Na alikuwa anatabasamu, huyo mtu wa ajabu.

Jumapili, 16 Machi

Barua imetoka. Profesa hamwongezei miaka miwili. Kazi haina "mvuto wa kutosha," ndivyo ilivyoandikwa. Anamaliza tarehe thelathini na moja. Nililia mimi, yeye alikuwa anaandika.

Jumanne, 18 Machi

Jua Kubwa. Wamemuuliza Rifaat kuhusu stoo, naye amepata dawa: sasa kila sahani iliyotumika naivunja kwa nyundo mbele yake, yeye anahesabu vipande na kutia sahihi. Mpya bado hatoi.

Jumatatu, 24 Machi

Tufani ya Awwa imekuja ikibweka, ndiyo ya mwisho. Daktari anafunga vitabu vyake kwenye katoni za mchele. Damanhur wamempa darasa la kemia, watoto sitini. Nimemwambia wataufunga mlango kwa teke. Akasema atawafundisha.

Jumatano, 26 Machi

Dada, Tereza anasafiri Jumamosi, kwa hiyo hapa naishia.

Daktari amemaliza kuandika karatasi yake ya saa tatu, na humo ameongeza ukurasa mmoja wa sahani zilizooshwa, ili wengine wenye stoo kama yetu wasirudie. Leo amenijia na kalamu. Anasema mwisho wa karatasi kuna mahali pa kushukuru watu, na anataka kuniandika. Nikamuuliza, "Ni shukrani au ni mashtaka? Maana mimi ndiye niliyeharibu."

"Ni vyote viwili," akasema. "Nikuandike jina gani?"

Nikakwama, Inshirah. Hapa hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikiandikwa Mama Abanoub, mtoto atatamba hotelini kwake na nusu ya Iskanderia, maana kina Abanoub ni wengi, itadhani ni mama yao. Nikiandikwa Awatef Luka, ni jina la baba linaloingia kwenye kitabu cha wasomi kwa mara ya kwanza, lakini linaingia pamoja na kosa, na litakaa humo hata nikifa. Nimewaza siku nzima na sijui. Wewe ndiye mkubwa wetu, na jina ni lako pia.

Anaipeleka karatasi tarehe kumi Aprili. Ukishasoma haya niambie ni lipi, kwa barua au kwa simu, nami safari hii sitakata. Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako,
Awatef